Shangazi na Okestra ya Bwaloni

Shangazi yangu ni fundi wa piano, na kwa miaka mingi katika mji wetu alikuwa peke yake. Watu wakisikia kazi yake hudhani anapiga piano. "Hapana," huwajibu, "mimi nazirudishia sauti tu. Kupiga wanapiga wenyewe." Hajui wimbo hata mmoja mpaka mwisho. Anachojua ni kwamba ndani ya piano moja kuna nyuzi za chuma zaidi ya mia mbili, kwamba zote hulegea polepole bila kumwambia mtu, na kwamba kila uzi unaweza kurudishwa mahali pake na mtu mwenye ufunguo wa kukazia, sikio zuri na subira ya kukaa kitako saa tatu akigonga sauti moja.

Kazi hii aliipatia kwenye ufagio. Akiwa na miaka ishirini na mitatu aliajiriwa kufanya usafi katika chuo kimoja cha muziki. Chumba cha mwisho kwenye korido kilikuwa cha fundi mzee, mtu mkali asiyependa maneno, ambaye wanafunzi walimwita Bubu. Siku moja Shangazi alikuwa anapangusa piano ambayo Bubu alikuwa ametoka kuimaliza. Kitambaa kilipopita juu ya vitufe, vikawa vinalia kimoja baada ya kingine. Shangazi akasita, akarudi nyuma, akabonyeza kimoja tena.

"Hiki kimechoka," akasema, akijisemea tu.

Bubu alikuwa mlangoni anavaa koti. Akalivua. "Kipi?"

Shangazi akakionyesha. Yule mzee akainama, akasikiliza, akatoa ufunguo wake mfukoni, akakaza kidogo mno, kiasi ambacho jicho lisingeona. Kesho yake asubuhi akaenda kwa mkuu wa chuo na kumwambia atafute mfagiaji mwingine.

Shangazi alipopewa habari hiyo, bila maelezo yoyote, akajua kibarua kimeota nyasi. Alilia kutoka ofisini mpaka getini. Mlinzi ndiye aliyemkimbilia kumwambia kwamba hafukuzwi, anahamishwa chumba.

Alikaa na Bubu miaka saba. Anasema katika miaka hiyo yote alisifiwa mara moja, na hata hiyo mara moja hana hakika kama hakusikia vibaya. Bubu alipostaafu alimwachia vifaa vyake vyote kwenye begi la ngozi. Shangazi akaanza kuzunguka mji mzima: shule, makanisa, hoteli, na nyumba chache za watu wenye uwezo. Akaolewa na fundi baiskeli, mtu mcheshi, na nyumba yao ikajaa spana za kila namna. Mara mbili mume wake alikwenda kukaza baiskeli ya mtu akiwa na ufunguo wa piano, na mara moja Shangazi alifungua begi mbele ya mkuu wa shule akatoa pampu.

Katika nyumba alizozizoea, moja ilikuwa ya mtu ambaye mji mzima unamwita Mzee Godoro. Ndiye mwenye kiwanda cha magodoro. Sebuleni kwake kulikuwa na piano nyeusi, ndefu, ya kifahari, ambayo hakuna mtu aliyeipiga. Hata hivyo kila baada ya miezi mitatu Shangazi aliitwa kuirekebisha, na kila alipofika Mzee Godoro alivuta kiti, akakaa, akasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Wateja wengine wote hukimbia. Kusikiliza piano ikirekebishwa ni kama kusikiliza mtu akigongwa kwenye jino lilelile asubuhi nzima. Lakini yeye alikaa ametulia tuli, macho kayafumba, na sauti ilipoingia mahali pake alitikisa kichwa taratibu.

Siku moja, wakinywa chai, alimweleza Shangazi alivyoanza. Ujanani alikuwa anashona magodoro ya pamba kwa mkono na kuyatembeza nyumba kwa nyumba. Siku moja ya wakati huo alipeleka godoro kwa mama mmoja. Alipofika barazani akasikia ndani santuri inapigwa, muziki wa klasiki, okestra nzima. Hakuwahi kusikia kitu kama kile.

"Nikasimama pale pale," akasema. "Godoro kichwani."

"Hukulitua?"

"Ningelitua vipi, Fundi? Niliogopa nikisogea utakatika. Ulipokwisha shingo ilikuwa imekufa ganzi. Yule mama akatoka akaniambia, 'Kijana, mbona hubishi hodi?' Nikamwambia nimebisha, ni wewe hujasikia. Uongo mtupu."

Alipopata pesa alinunua santuri, kisha vinasa sauti, kisha kila kilichotoka. Piano aliinunua kwa sababu alitaka chombo kimoja halisi kiwe karibu naye, hata kama kimenyamaza.

Sasa, miezi tisa baada ya kufiwa na mke wake, Mzee Godoro alimpokea Shangazi kwa namna nyingine. Hakuvuta kiti. Alimpeleka mezani kumwonyesha jengo dogo la kadibodi, na miti midogo ya plastiki imepandwa kuzunguka, na jina lake limeandikwa mbele kwa herufi za dhahabu.

"Ukumbi wa muziki," akasema. "Nina miaka sabini na mitatu. Nataka kuufanyia muziki huu kitu kabla sijaondoka. Wanangu wanasema nijenge ukumbi. Mshauri mmoja anasema hapana, nilete okestra maarufu kutoka ng'ambo, wapige siku moja, watu waone. Wewe unasemaje?"

"Mzee, mimi ni mtu wa nyuzi. Mambo haya yana wenyewe."

"Ndiyo maana nakuuliza. Hao wote wana kitu cha kuniuzia."

Shangazi akakitazama kile kijumba cha kadibodi. Hakutaka kumvunja moyo, lakini swali lilikuwa limemkaa kooni. "Ndani ya ukumbi huu atapiga nani?"

Mzee Godoro akanyoosha mti mmoja wa plastiki ulioinama.

"Kwa sababu okestra ya hapa inafanyia mazoezi kwenye bwalo la shule," Shangazi akaendelea. "Na hata huko wanaomba."

"Okestra gani ya hapa?"

Shangazi alidhani anatania. Kumbe mzee hakuwa na habari. Alikuwa amekusanya muziki wa dunia nzima kwenye kabati, na hakujua kwamba kila Jumamosi saa nane mchana, mitaa minne kutoka kwake, watu ishirini na wanane walikuwa wanaupiga kwa mikono yao.

Jumamosi iliyofuata wakaenda. Njiani mzee akauliza nani anawaongoza, Shangazi akamjibu kwamba wana kondakta. Dereva akageuka nusu. "Kondakta wa basi gani?" Ikabidi aelezwe kwamba huyu hakati tiketi, huyu anasimama mbele na kifimbo.

Kondakta mwenyewe alikuwa mfamasia, mtu mwembamba mwenye miwani minene, aliyefunga duka lake mapema kila Jumamosi na kupoteza wateja wake bora kwa ajili hiyo. Bwalo lilinuka sabuni ya vyombo. Wapigaji walikaa kwenye mabenchi ya wanafunzi. Muuguzi alipiga oboe, aina ya zumari nyembamba, akiwa tayari amevaa sare yake. Muuza nyama alikuwa amekumbatia besi kubwa ya nyuzi iliyomzidi kimo. Walimu wawili, dada na mdogo wake, walishika fidla ambazo Shangazi alizifahamu vizuri, maana moja aliigundisha yeye mwenyewe kwa gundi ya seremala. Selo moja, fidla kubwa ya kushikwa magotini, ilikuwa na nyuzi tatu badala ya nne.

Wakaanza. Walikwenda vizuri dakika moja, kisha fidla zikapishana na filimbi, wakasimama, wakarudi. Kuna mahali Kondakta aliacha kuhesabu na kuanza kuimba mwenyewe kwa sauti kubwa, "Pa-pa-paaa!" huku mkono ukiendelea.

"Kwa nini anaimba?" Mzee Godoro akanong'ona.

"Anaziba pengo. Mwenye kupiga hapo ni mlinzi wa benki, leo yuko zamu."

Robo saa baadaye muuguzi naye akatazama saa, akafungasha oboe yake katikati ya wimbo na kutoka kwa kunyata. Hakuna aliyeshangaa.

Shangazi alikuwa anaona aibu kidogo, kama mtu aliyemkaribisha mgeni nyumba haijafagiliwa. Alipogeuka, mzee hakuwa kando yake. Alikuwa amehamia mbele, kwenye benchi karibu na muuza nyama, kiganja amekiweka juu ya ubao wa benchi. Mazoezi yalipokwisha alibaki hapo hapo.

"Fundi," akasema, "santuri hazitikisi benchi."

Mzee Godoro si mtu wa kulala na jambo. Baada ya wiki tatu lori la kiwanda lilisimama mbele ya bwalo. Zikashushwa fidla mpya, selo, filimbi, tarumbeta, ngoma kubwa za shaba. Wale walimu wawili walilia wameshikana mikono. Vikashushwa na viti vipya, na kwa kuwa mtu hawezi kuikimbia kazi yake, kila kiti kilikuwa na mto wake wa sponji uliofunikwa kitambaa chekundu. Siku hiyo hawakufanya mazoezi kabisa. Walikaa tu juu ya mito, wakijaribu hiki na kile kama watoto.

Mambo yaliharibika wiki iliyofuata. Mzee alikuja na ombi. Mke wake marehemu alipenda kazi moja ndefu ya muziki, ya zaidi ya saa nzima, yenye okestra kubwa na kwaya. Kumbukumbu ya kifo chake ilikuwa baada ya miezi miwili. Alitaka ipigwe siku hiyo, hotelini, mbele ya wageni.

"Mzee, hiyo hatuiwezi," Kondakta akamwambia. "Labda baada ya miaka."

"Si mna vyombo sasa?"

Kondakta, ambaye hakuzoea kubishana na wakubwa, akakubali kujaribu. Hapo ndipo alipokosea. Mzee akaanza kuhudhuria kila zoezi. Kwanza alikaa kimya. Kisha akawa anasema hapa ni haraka mno, pale ni polepole mno. Jumamosi moja akaja na mashine ya santuri, akaiweka mezani katikati yao, ili wasikie "inavyotakiwa." Wakasikiliza okestra ya watu mia, wataalamu watupu, halafu wakaambiwa haya, na nyinyi.

Wapigaji wakaanza kupungua. Mlinzi wa benki hakuja tena. Muuza nyama akasema mgongo unamsumbua. Siku moja muuguzi alitoka kabla hata zamu yake haijafika. Mito myekundu ikabaki imejipanga, haina watu.

Kondakta akamfuata Shangazi nyumbani. "Wewe ndiye uliyemleta," akamwambia. "Kamwambie wewe. Mimi ulimi unanikwama."

Mzee Godoro alikuwa mteja mkubwa kuliko wote aliokuwa nao Shangazi. Alimlipa siku ile ile, na alimtuma kwa marafiki zake. Shangazi alijua fika anachokwenda kukipoteza. Siku ya kurekebisha piano ilipofika, alipiga moyo konde, akasimama katikati ya ile sebule, begi bado begani.

"Mzee, okestra inakufa."

"Inakufaje na vyombo vipya?"

"Vyombo vipo. Watu hawapo. Wale wote wana kazi wiki nzima. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yao ya kupumua. Sasa wanakuja kama wanaoitwa kituo cha polisi."

Uso wa mzee ukabadilika. "Kwa hiyo nimekosea kuwapa?"

"Kuwapa hukukosea. Ila umewapa, halafu hujaachia. Bado umeshikilia upande wa pili."

"Ile kazi mke wangu aliipenda."

"Najua, Mzee. Nami nilimfahamu. Je, angefurahi kuisikia ikipigwa na watu wanaokuogopa?"

Mzee akasimama.

"Umemaliza?"

"Piano bado sijaigusa."

"Leo iache."

Shangazi hakwenda kwake moja kwa moja. Alipita kwetu. Mama yangu, ambaye ni wifi yake, alikuwa kwenye cherehani. Kwa kushona ndiko alikotulelea. Nilikuwepo, nikimsaidia kutoa nyuzi za kushikizia kitambaa.

"Wifi," Shangazi akasema, akijitupa kwenye kiti, "mteja wangu mkubwa nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe."

Mama hakuinua macho kwenye kitambaa. "Ulimwambia uongo?"

"Hapana."

"Basi sogea mezani ule."

Miezi mitatu ikapita, simu haikuita. Siku ya piano nyeusi ilifika, ikapita. Lile onyesho la hotelini liliahirishwa, kisha halikutajwa tena. Hakuna aliyekuja kuchukua vyombo, wala aliyetuma neno. Polepole wapigaji wakaanza kurudi bwaloni. Muuza nyama mgongo ukapona. Kondakta akafungua daftari la nyimbo zao za zamani, nyepesi nyepesi, wakaanza upya.

Mwezi wa tano tangu siku ile, binti yake Mzee Godoro, anayesimamia kiwanda, akampigia simu Shangazi. "Baba anasema piano inalia kama debe. Na hataki fundi mwingine."

"Mwingine hayupo," Shangazi akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Alimkuta mzee amekonda kidogo. Kile kijumba cha kadibodi hakikuwepo mezani. Palikuwa na daftari la shule na kalamu.

"Kaa kwanza," mzee akasema. "Nina la kukiri. Sijakosa hata Jumamosi moja."

"Wapi? Mbona hatujakuona?"

"Naegesha gari upande wa jikoni, nafungua kioo. Dirisha la bwalo huwa wazi." Akajikuna shavu kama mtoto aliyekamatwa. "Kuna mahali, katika ule wimbo wanaoanza nao, walikuwa wanaanguka kila wiki. Pale pale. Wiki ya kwanza wakaanguka, ya pili wakaanguka, ya nne vilevile. Wiki ya tano wakapita! Fundi, nilipiga kelele ndani ya gari kama mtu aliyeona timu yake inafunga. Dereva alidhani nimeshikwa na moyo. Miaka hamsini nasikiliza santuri, na santuri haijawahi kuanguka, kwa hiyo haijawahi kunipa furaha ile."

Akalivuta daftari. "Sasa nakuuliza vizuri. Wanahitaji nini?"

"Waulize wenyewe."

"Nitawauliza. Anza wewe."

Shangazi akawaza. "Muda," akasema. "Muuguzi akilipwa mchana wa mazoezi, anaweza kubadilishana zamu na mwenzake. Mlinzi vilevile. Halafu mwalimu wa kudumu, maana wengi wao wamejifunza kwa kudonoa. Na Kondakta. Unajua kule dukani kwake, droo ya chini, chini ya dawa za kikohozi, ana karatasi za muziki aliotunga mwenyewe? Miaka ishirini sasa anatunga. Hajawahi kuusikia ukipigwa, kwa sababu kuuandikia kila mpigaji sehemu yake na kuufanyia mazoezi kunataka watu walioachiwa nafasi."

Mzee alikuwa anaandika, mwandiko mkubwa mkubwa. Alipofika mwisho wa ukurasa akauliza bila kuinua kichwa, "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Ukiondoka, nani atazikaza?"

Shangazi anasema swali hilo lilimpiga mahali ambapo hakujua pana jeraha. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Na kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia yeyote, hata mume wake: karibu mwaka mzima sikio lake la kushoto lilikuwa halishiki vizuri zile sauti nyembamba za mwisho wa piano. Alikuwa anazikaza kwa kuvizia, kwa kugeuza kichwa, kwa kuweka kidole kwenye uzi na kuhisi unavyotetemeka. Akamweleza yote. Baadaye alijishangaa kwa nini amemwambia mfanyabiashara wa magodoro kabla ya watu wake, akaona labda ni kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kukaa kusikiliza kazi yenyewe.

Mzee hakumpa pole. Aligeuza ukurasa, akaandika.

Namna ya kuutoa mchango ilipangwa na yule binti, ambaye watu walidhani atapinga. Alikuwa hapendi ukumbi tangu mwanzo. Alisema kujenga ni rahisi, kuwasha taa kila mwezi ndiyo kazi. "Baba," akamwambia, "ukitoa kwa mkupuo utakuwa umefanya sherehe. Toa kila mwaka, hata ukiwa hupo." Wakaandikishana kisheria kwamba sehemu ya mauzo ya kiwanda itaingia kila mwaka kwenye mfuko wa okestra. Mfuko utaendeshwa na kamati: wapigaji watatu, mwalimu wa shule, mwanasheria. Nini kipigwe, nani apige, wapi, Mzee Godoro na ukoo wake hawatakuwa na neno. Alitia sahihi mbele ya okestra yote, bwaloni, na alipomaliza akamgeukia Kondakta.

"Naomba jambo moja. Niruhusiwe kuja mazoezini, nikae pale kwa muuza nyama."

"Ruhusa unayo," Kondakta akasema. "Lakini ukifungua mdomo nakutoa nje."

Watu walivunjika mbavu, na mzee kuliko wote.

Stoo iliyopakana na bwalo ikasafishwa, ikawekwa meza ndefu na taa nzuri, ikawa karakana. Shangazi akaajiriwa, mshahara wa mwezi kwa mara ya kwanza tangu aache kazi ya chuo, awafundishe watu wawili kazi yake na kutengeneza vyombo vyote vya okestra na vya shule za mji. Likatoka tangazo. Mama yangu akalisoma, akazima cherehani, akasema anakwenda kujaribu.

"Wewe?" baba akashangaa. "Na miaka arobaini na sita hiyo?"

"Vidole havijui miaka," mama akajibu. "Kutwa nzima nafunga nyuzi, nitashindwa za chuma?"

Shangazi akaona balaa hili. Akimchukua, watu watasema wifi kampa wifi. Akaamua wanaojaribiwa wakae nyuma ya pazia, waitwe kwa namba, yeye abonyeze sauti mbili mbili na wao waseme ipi iko juu. Pazia lenyewe alilishona mama. Walikuja watu kumi na wanne. Namba tisa haikukosa hata mara moja, hata zile sauti zilizokaribiana mpaka Shangazi mwenyewe hakuwa na hakika. Pazia lilipovutwa na mama akatokea na mkoba wake, kweli watu wakaguna. Basi Kondakta akamrudisha nyuma ya pazia, akamjaribu upya yeye mwenyewe. Matokeo yakawa yale yale. Wa pili aliyechukuliwa alikuwa dada mmoja aliyekuwa akitengeneza redio.

Mwaka na nusu baadaye, Jumapili mchana, okestra ilifanya onyesho lake bwaloni. Walikuwa thelathini na sita sasa. Mlinzi wa benki alikuwepo na pembe yake ya shaba, kwa hiyo Kondakta hakuimba. Watu walijaa mpaka wakakaa madirishani. Sehemu ya kwanza ilikuwa kazi ya dakika ishirini iliyotoka kwenye ile droo ya dukani. Ilianza na oboe peke yake. Muuguzi alisimama, hakuwa na sare siku hiyo, akapiga sauti ndefu iliyonyooka, na fidla zikaingia chini yake kwa upole kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa aliyeanza kupata nafuu.

Katikati waliteleza mara moja. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mzee Godoro, nikaona mgongo wake ukikaza. Kisha wakashikana tena, naye akashusha pumzi. Ilipokwisha, Kondakta alibaki amewapa watu mgongo kwa muda. Tulidhani anawasubiri wapigaji wasimame. Kumbe alikuwa anafuta miwani, na kila akiifuta inalowa tena.

Ile kazi ndefu aliyoipenda marehemu bado hawajaipiga. Kwaya haijatosha, na mwalimu wa fidla aliyeajiriwa na mfuko anasema wampe miaka mingine mitatu. Mzee Godoro akiulizwa hujibu kwamba hana haraka, halafu huuliza miaka mitatu kamili au zaidi kidogo.

Wiki jana shule moja ya mbali iliomba fundi. Shangazi alikuwa na fidla sita mezani, akampa mama begi la ngozi na kumwambia aende. Mama hakulala vizuri, ila aliondoka na basi la alfajiri. Mchana nilikuwa karakana simu ilipolia. Ilikuwa piano ya zamani, mama akasema, panya wametengeneza makazi ndani, nyundo tatu zimevunjika, na kuna uzi mmoja unamchanganya: aukaze zaidi au auache?

"Wewe unauonaje?" Shangazi akauliza.

Ikasikika sauti moja nyembamba kwenye simu, ting, kisha tena, ting.

"Naona bado kidogo," mama akasema.

"Basi unaniuliza nini? Uzi uko kwako huko." Akakata simu, akaichukua fidla ya kwanza, akaipuliza vumbi, na kunituma nikamletee gundi.